Selimundu: Maumivu ya Jirani Tusiyoyaona



Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa maalim kijana katika chuo kimoja cha hapa Voi, nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa ambaye hakumaliza wiki mbili mfululizo bila ya kukosa darsa. Siku alizokuja alikuja akichechemea, macho yana umanjano, na mkekani alikuwa wa kwanza kuegemea ukuta. Kwa kuhifadhi alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote, nami nikaichukulia sifa hiyo kuwa ushahidi dhidi yake: mwenye akili hii akikosa, basi amekosa adabu. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo hata Voi yetu yenye joto hupata ubaridi wa alfajiri, alichelewa tena. Nilimwamuru atawadhe kwa maji ya birika, akae mbele ya wenzake, kisha nikampiga bakora tatu za viganja.

Hakulia. Jioni yake nikapata habari kwamba amelazwa, na mikono yote miwili imevimba. Mama yake alipokuja chuoni siku ya pili nilijiandaa kupokea lawama. Hakunilaumu. Alikuja kuniomba radhi kwa niaba ya mwanawe.

"Maalim, damu ya mtoto huyu haiko sawa tangu kuzaliwa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Naogopa kuwaambia watu."

Hivyo ndivyo nilivyoujua ugonjwa wa selimundu. Nauandikia leo kwa sababu ninaamini kwamba katika kila chuo cha Voi, Mwatate na Taveta yumo mtoto kama yule, na kwamba mama yake mpaka sasa anachagua nani wa kumwambia.

Selimundu ni maradhi ya kurithi. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, laini, zenye kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, nazo huishi kiasi cha siku 120. Za mgonjwa huyu hupinda zikafanana na mundu, zikawa ngumu na zenye kunatana, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Kutokana na mambo mawili hayo, kuziba mishipa na kufa mapema, hutoka karibu kila linalomsibu. Damu hupungua, macho huwa manjano, na viungo visivyofikiwa na damu huuma kwa maumivu ambayo waliokwisha kuyaonja huyafananisha na kuvunjika mfupa. Mtoto mchanga haonyeshi kitu kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa bado anahifadhiwa na damu aliyotoka nayo tumboni. Kuanzia kiasi cha miezi sita ndipo vidole vya mikono na miguu huanza kuvimba, na bibi akasema mtoto ameumwa na mdudu. Akikua, baadhi yao hupatwa na kiharusi wakiwa bado shule ya msingi. Wengine kichwa cha mfupa wa nyonga huoza kwa kukosa damu, wakawa wa kutembelea magongo kabla ya kufika miaka thelathini. Ndiyo maana sioni mpaka wa wazi baina ya maradhi haya na ulemavu. Aliye mgonjwa leo aweza kuwa mlemavu kesho, kwa sababu ile ile.

Yanayoamsha maumivu ni mambo ambayo sisi wengine hatuyahisabu: kiu, homa, uchovu, baridi. Fikiri sasa mtoto anayeishi Voi, ambako jua hukausha mwili kabla ya adhuhuri, kisha likizo anapelekwa kwa jamaa Wundanyi, juu milimani, ambako mwezi wa Julai watu hulala na mablanketi mawili. Amepita kutoka hatari moja hadi nyingine kwa safari ya saa moja na nusu. Na kwa kuwa figo zake haziwezi kuhifadhi maji kama za wenzake, hukojoa sana, hata kitandani, hata akiwa na umri ambao wenzake wameacha kitambo. Akina mama, naomba mulizingatie hili. Wapo watoto wanaochapwa kila asubuhi kwa shuka iliyoroa, na kosa lao ni figo.

Wengi huuliza, kwa nini sisi wa Pwani? Jawabu lake lilipatikana kwa sehemu hapa hapa Kenya. Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa katika shamba la Bonde la Ufa akaenda kusoma udaktari Uingereza, alizunguka nchi hii akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona kwamba wenye kubeba jeni ya selimundu ni wengi kwa wakazi wa Pwani na wa kando ya ziwa Viktoria, na ni haba mno kwa wakazi wa nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: penye malaria nyingi ndipo penye jeni hii, kwa kuwa mtu aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali. Ulikuwa ni ngao, basi, kabla ya kuwa balaa. Balaa huja pale mtoto anapoirithi kutoka pande zote mbili.

Taveta haihitaji kuelezwa malaria ni nini. Maji ya mto Lumi, ziwa Jipe na mifereji ya mashamba yamewalisha watu na mbu pia, hata katika miaka ya 1950 serikali za kikoloni zikaichagua Taveta pamoja na Upare wa upande wa pili wa mpaka kwa jaribio kubwa la kupuliza dawa majumbani, lililojulikana kwa jina la Pare-Taveta. Mbu walipungua kwa muda. Jeni haipulizwi dawa. Na lipo kosa moja ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma, kwamba mgonjwa wa selimundu hapatwi na malaria. Anayekingika ni mbebaji wa jeni moja. Mgonjwa mwenyewe malaria humwua upesi kuliko mwingine, kwa hivyo chandarua na dawa ya kila siku ya kujikinga si hiari kwake.

Nije sasa kwenye mambo yanayotuhusu sisi wa misikitini na vyuoni.

Mtoto mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka, usiku analia na asubuhi anacheza, huku kwetu hupewa jina haraka. Ana jini. Amehusudiwa. Mama yake alivunja mwiko. Mimi ni mtu wa kisomo, nimeandika kombe na nimesoma ruqya, wala siyakani. Lakini mtoto huyu anahitaji maji kutwa nzima, na kikombe kimoja cha kombe si maji ya kutwa nzima. Msomeeni, kisha mumpeleke hospitali, na jagi la maji likae kando ya kitanda. Ninalokataza kwa sauti kubwa ni kuumika. Hijama ni jambo tunaloliheshimu, ila huondoa damu, na huyu maradhi yake ni upungufu wa damu. Chale za waganga ni mbaya zaidi, kwa sababu wengu wake umeharibika mapema na mwili hauna askari wa kupigana na vijidudu vinavyoingia jerahani. Kadhalika zile dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, zinazouzwa madukani kama peremende, asipewe mpaka daktari amepima. Anachohitaji aghalabu ni vidonge vya foliki, penisilini katika miaka mitano ya mwanzo, na chanjo zake zote. Joto la mwili likifika nyuzi 38, hiyo ni safari ya hospitali usiku ule ule, hata kama ni usiku wa harusi ya shangazi.

Ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea, inayopunguza sana mashambulio ya maumivu. Ilikuwa ikitumika Marekani tangu miaka ya 1990, na kwa muda mrefu ikaogopwa kwetu kwa dhana kwamba mtoto wa Afrika mwenye malaria na utapiamlo hataistahimili. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nne, Kilifi yetu ikiwa mojawapo ya vituo vyake, yalichapishwa mwaka 2019 na kuonyesha kinyume: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Yahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na hapo ndipo shida ilipo kwa mzazi wa Taveta, ambaye yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Voi, na ambaye kwa masafa Moshi ya Tanzania ni jirani yake zaidi kuliko sisi. Nauli ya kliniki ya kila mwezi ni zaka ambayo hatujaifikiria.

Tunapowazuru wagonjwa hawa, tunasemaje? Tunasema subiri. Nimelisema neno hilo vitandani mara nyingi, na nakiri kwamba mara nyingine nililisema ili niondoke. Kumwusia subira mtu ambaye hukumletea maji, hukumwaminisha kwamba umeamini anaumwa, ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Maumivu ya selimundu hayana jeraha la kuonyesha, na daktari mwenyewe aweza kumdhania kijana kuwa anatafuta dawa za kulevya. Kwa hivyo jambo la kwanza ambalo jirani anaweza kumpa ni kumsadiki.

Namkumbuka hapa Sayyidna Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, ambaye kwa ajili yake zilishuka aya za kumrudi yeyote anayempa mlemavu kisogo. Twapenda kuzihadithia aya hizo. Tusilohadithia sana ni kazi aliyopewa. Alikuwa muadhini wa alfajiri mjini Madina. Kipofu, na adhana yake ndiyo iliyowafungia watu daku! Hakuwa akiiona alfajiri, hivyo walikuwapo watu wa kumwambia kwamba kumekucha, naye huadhini. Hakupewa sadaka akaketishwa pembeni. Alipewa amana ya mji, na mji ukampa kile alichokosa. Mimi sijui mfano ulio bora wa maana ya kusaidiana na mwenye ulemavu.

Katika mwezi wa Ramadhani utawakuta wasichana wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wamefunga wakiwa na selimundu, kwa kuwa asiyefunga huulizwa ana nini, na msichana akijulikana ana nini, posa haziji. Wanakauka mchana kutwa katika joto la Voi, na siku ya tatu wamelazwa. Sheria iko wazi: mgonjwa ambaye saumu humdhuru ameruhusiwa kula, na ikiwa kwa uamuzi wa daktari hali yake si ya kutarajiwa kuondoka, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, wala hana kadha. Akikhofia maisha yake, kufunga huwa haramu kwake. Akina mama, musimwache binti aichague baina ya figo zake na midomo ya majirani. Mpikieni mchana, ale jikoni akipenda faragha, na anayeuliza mwambieni ni amri ya dini, nayo ni kweli. Baridi ikizidi, maji ya udhu yapashwe moto, na asiyeweza kusimama aswali ameketi.

Kuhusu damu nitasema machache. Watoto hawa huongezwa damu mara kwa mara, na Voi imekaa juu ya barabara ya Mombasa na Nairobi, ambako ajali moja ya basi humaliza akiba ya hospitali kwa usiku mmoja. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji hubaki tupu, na zikifungwa ndani ya Ramadhani huwa tupu zaidi. Mtu mzima mwenye afya, wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa. Tuna Ijumaa 52 kwa mwaka. Ikiwa nne kati yake zitakuwa za kuchangia damu baada ya swala, sidhani kuna khutba yangu itakayozidi hapo kwa thawabu.

Suala zito zaidi ni la ndoa, na hapa najua baadhi ya wazee watanikasirikia. Mume na mke wote wawili wakiwa wabebaji, ilhali wao wenyewe ni wazima kabisa, basi katika kila mimba kuna nafasi moja kwa nne ya kupata mtoto mgonjwa, nafasi mbili kwa nne za kupata mbebaji kama wao, na moja ya aliyesalimika. Natilia mkazo neno kila mimba. Nimekutana na wazazi walioelezwa "mmoja kati ya wanne", wakazaa wa kwanza mgonjwa, wakadhani wameshamaliza fungu lao na watatu watakaofuata watakuwa salama. Hesabu huanza upya kila mara. Na mkosaji hayupo. Nusu imetoka kwa baba, nusu kwa mama, kwa hivyo yule mume anayempa mkewe talaka kwa "damu mbaya ya kwao" amesahau kwamba bila ya damu yake mwenyewe mtoto asingeugua.

Ndoa za binamu huongeza uwezekano huo, kwa kuwa watu wa babu mmoja huweza kuwa na jeni moja. Lakini musidhani kuoa mbali ni kinga peke yake. Voi ni mji wa njiapanda na reli. Kijana wa Taveta akimwoa binti ambaye babu yake alikuja kutoka Kisumu kufanya kazi ya reli, hawana udugu wowote, na wote wawili wametoka sehemu za malaria. Saudia imelazimisha kipimo hiki kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na akdi haifungwi bila ya cheti, ingawa uamuzi wa kuoana au kutooana huachiwa wachumba wenyewe. Sisi hatuna sheria hiyo, ila tuna makadhi, maimamu na mashangazi, na shangazi ana nguvu kuliko sheria nyingi. Naomba kipimo kifanywe kabla ya posa kutangazwa, si baada ya mahari kutolewa na kadi kuchapwa, kwani wakati huo hakuna atakayethubutu kuusoma ukweli. Waulizie kipimo kinachoonyesha aina ya hemoglobini, kwa sababu baadhi ya vile vya haraka havitofautishi mbebaji na mgonjwa. Na aliye mgonjwa asinyimwe ndoa. Akiolewa na asiyebeba jeni, watoto wao watakuwa wabebaji wazima, hapana hata mmoja atakayeugua.

Hatimaye, haki za serikalini. Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyetawala Damascus tangu 705 hadi 715, aliwawekea wenye ulemavu posho, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi, na akawakataza kuomba barabarani kwa kuwa hazina ya umma imewatosheleza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu heshima, elimu na njia ya kufikia kila mahali pa umma. Kwa hivyo mzazi anapokwenda ofisini kudai, asiende kama mwombaji. Aliyepatwa na kiharusi au kuharibika nyonga apimwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo ndio mlango wa vifaa vya kutembelea, na kwa mfanyakazi ni msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za mwanzo za mapato ya mwezi. Wenye ulemavu mkubwa katika nyumba maskini wamo katika mpango wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni nauli ya kliniki. Na tangu Oktoba 2024, SHA iliposhika nafasi ya NHIF, ambaye hajajisajili atakutana na gharama peke yake mlangoni mwa wodi. Wazee wengi hukwama kwenye simu na namba za siri. Vijana wetu wa chuo wanayajua mambo hayo kwa vidole, waketi nao barazani baada ya alasiri.

Yule mwanafunzi wangu amekuwa mtu mzima. Nyonga yake ya kulia haifanyi kazi, anatembelea gongo, na anasomesha tajwidi akiwa juu ya kiti. Mwaka jana ndiye aliyeleta ombi mbele ya kamati ya msikiti wetu kwamba pawekwe hita ndogo ya maji mahali pa kutawadhia, kwa ajili ya watoto. Tulikaa vikao vitatu. Mmoja wetu alisema umeme ni ghali. Mwingine akasema wazee wetu walitawadha kwa maji ya baridi na hawakufa. Yeye hakujibu kitu, alitazama viganja vyake tu. Hapo ndipo nilipoomba ruhusa ya mwenyekiti, nikaisimulia kamati habari ya bakora tatu, mbele yake, kwa mara ya kwanza.

Hita imewekwa upande wa kulia, unapoingia kwa mlango wa birika. Huwashwa saa kumi na nusu alfajiri.